Kitenzi Kilichobaki na Jina la Muuaji



Wiki iliyopita nilipata barua kutoka kwa mwalimu wa Kiingereza wa shule moja ya sekondari mkoani Morogoro. Anasema kwenye kabati la shule yao kuna vitabu vya zamani vilivyokwisha poteza majalada, na katika kimojawapo, kitabu cha historia, wanafunzi wake walikutana na sentensi fupi: the question was burked. Neno question walilijua. Hilo la mwisho likawashinda. Mmoja akasema ni kosa la mpiga chapa, ilikusudiwa barked, yaani swali lilibwekewa kama mbwa anavyombwekea mgeni. Mwingine akakumbuka kwamba bark ni gamba la mti pia, kwa hiyo huenda swali lilimenywa. Mwalimu akafungua kamusi ndogo waliyo nayo, hakulikuta. Ndipo akaniandikia.

Barua hii nimekaa nayo siku kadhaa, kwa sababu jibu lake si la mstari mmoja.

Si kosa la mpiga chapa, mwalimu. Burke, b-u-r-k-e, ni kitenzi kamili cha Kiingereza, ingawa siku hizi Waingereza wengi wenyewe hawakitumii. Kina maana mbili. Ya kwanza ni kumuua mtu kwa kumziba pumzi, asibaki na alama mwilini. Ya pili ni kuzima hoja, habari au uchunguzi kimyakimya, bila kuvikataa waziwazi. Hiyo ya pili ndiyo iliyomo kitabuni mwenu. Lakini ya pili imezaliwa na ya kwanza, na ya kwanza imezaliwa na mauaji ya kweli. Habari ni nzito. Mwenye watoto wadogo sebuleni na aamue mwenyewe.

Tuanze na jina, maana kabla ya kuwa kitenzi burke lilikuwa jina la watu, na bado ni jina la maelfu ya watu waungwana. Ni jina la Waayalandi, lililotokana na de Burgh, ukoo ulioingia Ayalandi pamoja na Wanormani katika karne ya 12. Burgh ni mji wenye ngome, boma. Ndilo neno lile lile linalosikika mwishoni mwa jina la mji wa Edinburgh, na Edinburgh ndiko tunakokwenda. Msichanganye na Edmund Burke, yule mbunge na mwandishi wa siasa wa karne ya 18. Huyo hahusiki kabisa.

Mwaka 1827 Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, ulikuwa na sifa Ulaya nzima kwa kufundisha udaktari. Wanafunzi walimiminika, na kila mwanafunzi alitaka kujifunza kwa kupasua maiti. Maiti hazikutosha. Sheria ya mwaka 1752 iliwapa madaktari miili ya wauaji walionyongwa, na wanaonyongwa walikuwa wachache kuliko wanaosoma. Pengo hilo likazaa biashara: wafukuaji wa makaburi. Mtu akizikwa leo, usiku anafukuliwa na kupelekwa mlango wa nyuma wa shule ya tiba, wala hakuna anayeuliza. Ndugu wa marehemu wakawa wanalala makaburini kwa zamu. Wenye uwezo wakawa wanafunika kaburi kwa kizimba cha chuma mpaka mwili uharibike, usiwe tena na bei. Vizimba hivyo vingine bado viko Uskoti hadi leo, katika viwanja vya makanisa. Asiye na uwezo alimwachia Mungu.

Katika mtaa wa West Port, kwenye kichochoro kilichoitwa Tanner's Close, palikuwa na nyumba ya kulaza wageni maskini, ya William Hare na mkewe. William Burke, fundi viatu aliyewahi kuchimba mfereji kama kibarua, alikuja kuishi humo na mwanamke wake, Helen McDougal. Burke na Hare wote walikuwa Waayalandi waliovuka bahari kutafuta kazi. Novemba mwaka 1827 mpangaji mmoja, mzee mwanajeshi mstaafu aitwaye Donald, akafa kwa maradhi yake, huku Hare akimdai pauni 4 za kodi. Jeneza likaletwa. Wawili wale wakalifungua, wakautoa mwili, na ndani wakajaza magamba ya miti ya kutengenezea ngozi ili lisiwe jepesi, kisha likaenda kuzikwa. Kwa hiyo yule mwanafunzi aliyesema gamba la mti amegusa kitu bila kujua. Mwili wakaupeleka kwa Dakta Robert Knox, mwalimu wa anatomia aliyekuwa na wanafunzi wengi kuliko wenzake wote mjini. Wakalipwa pauni 7 na shilingi 10.

Hapo hakuna mtu aliyekuwa ameuawa. Lakini walikuwa wamejua bei.

Katika mwaka 1828 waliua watu 16. Walichagua wale ambao hakuna atakayebisha hodi kuwauliza: mpangaji mgonjwa, bibi aliyekuja mjini kuchukua pensheni yake ndogo, mwanamke mlevi, mgeni asiye na kwao. Walimnywesha mtu pombe, kisha mmoja akamlalia kifuani na mwingine akamfunika mdomo na pua. Hawakutumia kisu wala kamba. Maiti yenye jeraha ingeulizwa maswali, na maiti yenye maswali haina bei. Huko kutoacha alama ndiyo roho ya kitenzi chetu.

Miongoni mwao alikuwa kijana James Wilson, mwenye ulemavu wa miguu na akili ya kitoto, aliyezoea kuzurura mitaani na kufahamika kwa kila mtu. Inasimuliwa kwamba alipolazwa mezani kwa Knox, wanafunzi walimtambua na wakasema. Knox akakanusha, siye. Kisha akaagiza mwili huo upasuliwe upesi. Tazama kilichotendeka pale. Kijana alikwisha zibwa pumzi West Port. Mle darasani kikazibwa cha pili, swali la wale wanafunzi. Kitenzi kilikuwa hakijazaliwa, lakini maana zake zote mbili zilikuwa zimelala juu ya meza moja.

Wa mwisho alikuwa mama wa Kiayalandi, Margaret Docherty, tarehe 31 Oktoba 1828. Kesho yake mpangaji mwingine, Ann Gray, akauona mwili umefichwa chini ya majani makavu kando ya kitanda. Helen McDougal akamsihi yeye na mumewe wanyamaze, akawaahidi pauni 10 kila wiki. Hao walikuwa watu maskini wasio na nyumba yao. Wakakataa, wakaenda polisi. Katika habari hii yote ya madaktari, mawakili na majaji, mimi wa kwanza kumpa heshima ni huyo Ann Gray.

Kesi nusura ishindikane. Profesa Robert Christison, bingwa wa tiba ya mahakama, aliuchunguza mwili wa Margaret Docherty na asiweze kusema kwa yakini aliuawaje. Alichoweza kusema ni kwamba huenda alizibwa pumzi. Njia ya kuua ilikuwa imefanya kazi yake. Ndipo mwanasheria mkuu wa Uskoti akamfanya Hare shahidi wa serikali: aseme yote, naye asishtakiwe. Burke akahukumiwa asubuhi ya Krismasi mwaka 1828, na tarehe 28 Januari 1829 akanyongwa hadharani mbele ya umati wa makumi ya maelfu. Hukumu iliagiza pia mwili wake upasuliwe. Mifupa yake imesimama katika makumbusho ya anatomia ya Chuo Kikuu cha Edinburgh hadi leo.

Na ni pale kwenye kitanzi, msikilizaji, ndipo kitenzi kilipozaliwa. Walioandika habari za siku ile wanasema umati ulipaza sauti ukidai asitiwe kamba: mburkeni! Yaani mfanyieni kama alivyowafanyia wenzake. Jina la mtu lilikuwa limepachikwa amri na kila aliyekuwepo akaelewa, kama sisi tunavyolichukua neno geni na kulivika viambishi vyetu bila kumwomba mtu ruhusa. Kamusi za Kiingereza zinaonyesha kwamba lilianza kuandikwa mwaka huo huo wa 1829.

Kisha neno likaanza kutembea. Desemba mwaka 1831, huko Aberdeen kaskazini, mbwa alifukua mabaki ya mtu nyuma ya jengo la anatomia la Dakta Andrew Moir. Watu wakajaa, wakalivamia jengo na kulichoma moto. Wenyeji walikuwa wakiliita nyumba ya kuburke. Mwezi huo huo London ikawanyonga John Bishop na Thomas Williams kwa kumuua kijana ili wamuuze kwa madaktari. Hao walilevya watu kwa dawa na kuwazamisha kisimani, hawakumlalia mtu kifuani, na bado magazeti yakawaita Waburke wa London. Neno lilikuwa limekwisha pita mkono unaoziba pumzi. Sasa lilimfuata yeyote aliyeua kwa ajili ya meza ya kupasulia.

Mwaka 1832 Bunge la Uingereza likatunga sheria ya anatomia, na biashara ile ikakoma. Ilikomaje? Madaktari waliruhusiwa kuchukua miili isiyodaiwa na ndugu, na mingi ikawa ya waliofia katika nyumba za mafukara. Maskini aliyekuwa akifukuliwa usiku sasa alichukuliwa mchana kwa karatasi yenye mhuri. Sikubaliani na wanaoisifu sheria hiyo kana kwamba ilimaliza dhuluma. Ilimaliza mauaji, na hilo ni kubwa, lakini bili ilibaki kwa mtu yule yule.

Ndiyo maana hofu haikwisha. Katika karne ya 20 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walipokwenda kurekodi hadithi za jamii ya wasafiri wa Uskoti, watu wa mahema, mafundi bati na wachuma lulu za mitoni, walikuta masimulizi ya Waburke yangali moto. Gari jeusi la farasi huja usiku, magurudumu yamefungwa yasilie, kwato zimevishwa viatu laini, na ndani wamo watu wa chuo cha tiba wanaotafuta mtu ambaye hatatafutwa.

Je, sisi hatulijui gari hilo? Mwenye wazee waliokulia Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi au Kampala enzi za ukoloni awaulize habari za mumiani. Lilikuwa gari la zimamoto, jekundu, na ilisemwa wanaolipanda huwakamata watu usiku na kuwanyonya damu ikatengenezwe dawa ya Wazungu. Uganda waliwaita bazimamoto. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo ya Afrika Mashariki na ya Kati katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, na alichokitilia mkazo si kuwaita waliosimulia wajinga bali kusikiliza walichokuwa wanakieleza kuhusu utawala na miili yao. Neno mumiani lenyewe lilitufikia kutoka Uajemi, ambako lilitaja dawa nyeusi kama lami, na shina hilo ndilo lililowapa Waingereza neno la maiti zilizokaushwa za Misri. Watu wa Aberdeen na watu wa Kariakoo hawakuwahi kuonana, na wote waliogopa kitu kimoja: kuna mahali ambapo mwili wako una thamani kuliko uhai wako.

Sasa turudi kwenye sentensi ya kitabu chenu, mwalimu.

Haikuchukua miaka mingi kabla waandishi na wabunge wa Uingereza kukihamisha kitenzi kutoka kwenye mwili kwenda kwenye maneno. Ripoti huburkewa. Uchunguzi huburkewa. Swali likiulizwa bungeni, halikataliwi, ila linalaliwa kifuani na kufunikwa mdomo mpaka linyamaze, na mwisho huoni jeraha. Ukisoma kumbukumbu za kikao, swali halimo na aliyelizima hayumo.

Mwenyewe nililiona jambo hili kabla sijalijua neno lake. Ilikuwa kwenye mkutano wa hadhara katika kijiji kimoja nilikokwenda kusalimia ndugu. Tulikaa chini ya mwembe. Mama mmoja mtu mzima alisimama mapema, akauliza fedha za pampu ya maji zilizochangwa mwaka uliopita zimefikia wapi. Mwenyekiti hakukasirika. Alitabasamu, akasema: “Mama yetu, swali lako ni zuri sana, tena la msingi. Naomba tuliweke kwenye mengineyo.” Watu wakampigia makofi, na mama akakaa. Ajenda ya kwanza ikaja, ya pili, ya tatu. Mgeni akakaribishwa asalimie, akasalimia nusu saa. Kufika saa kumi na moja jua limeshuka, mwenyekiti akatazama saa yake, akasema muda umetutupa mkono, tusimame kwa sala. Mengineyo hayakufika. Nilimtazama yule mama. Alikuwa amefungua pindo la khanga yake, na ndani mna stakabadhi ya mchango iliyokunjwa mara nne, wino umeanza kufifia kwa jasho. Aliikunja upya kama ilivyokuwa, akafunga pindo, akaondoka na wenzake.

Hakuna aliyemkatalia. Angeulizwa nani kamnyima jibu, asingekuwa na wa kumtaja.

Tulitafsirije basi? Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa. Tunasema kuzima hoja, kufukia, kukalia faili, kulipiga swali danadana, na mtaani husikia kuua soo. Wahenga nao wametuachia funika kombe mwanaharamu apite. Kila moja lina jambo lake, na hakuna linalokaa sawasawa. Ukizima, giza linaonekana. Ukifukia, tuta linabaki juu ya ardhi. Danadana inachosha lakini mpira uko hai. Na kombe hufunikwa kwa muda tu, mpaka huyo mpitaji apite.

Nilikuwa karibu kukuandikia kwamba tafsiri kamili haipo, hadi nilipokumbuka yai. Kuku ameatamia, siku 21 zimetimia, vifaranga wametoka, na chini ya manyoya limebaki yai moja. Ganda lake ni zima, halina ufa wala tundu. Ukilitikisa sikioni unasikia maji yakicheza. Hilo ni yai viza. Na kitenzi tunacho, kuviza, kukizuia kitu kisikue na kisifike kilikokuwa kinakwenda. Wanaoandika Kiswahili cha darasani husema kuviza maendeleo, kuviza ukuaji. Kwangu hakuna neno la lugha yetu linaloikaribia burke kuliko hili, kwa sababu ya lile ganda lisilo na ufa. Tofauti ni moja: yai laweza kuwa viza lenyewe kwa baridi au kwa kuku kuhama, lakini swali haliwi viza lenyewe. Daima kuna aliyeliviza. Kwa hiyo tulitumie katika hali ya kutendwa, na aliyeuliza aachiwe nafasi ya kumtafuta mtendaji.

Kiingereza, kwa upande wake, kilimhifadhi mtendaji hata kikapitiliza. Kila anayeandika burke anamtaja William Burke, ajue asijue. Hare, aliyeua naye, hakutajwa na kitenzi chochote. Aliachiwa Februari 1829 akapotea. Knox hakushtakiwa, alifia London mwaka 1862. Na wale waliozibwa pumzi hawamo kabisa katika neno lililotokana na vifo vyao. Hilo ndilo lililonikalisha na barua yako siku zote hizi.

Mwalimu, andika ubaoni: swali lilivizwa. Wanafunzi watauliza Burke ni nani, na utawasimulia. Lakini kabla hujalitaja jina lake, naomba uwasomee haya, kama ninavyoyasoma mimi sasa hewani: Abigail Simpson. Mary Paterson. Mary Haldane, na bintiye Peggy. Ann Dougal. Joseph, msagaji unga. James Wilson. Margaret Docherty. Na bibi mmoja pamoja na mjukuu wake, ambao hakuna aliyeandika wanaitwa nani.